Siagi ya Dalecha

Bomba lilikohoa kabla ya adhana. Ndivyo lilivyofanya kila siku ya zamu ya maji mtaani Kiwanjani: kwanza hewa, kikohozi kikavu kama cha mzee anayeamka, halafu tone, halafu maji. Akidor alifungua macho gizani akasema, "Pole." Mumewe, Lokuruka, ndiye aliyekuwa akikohoa hivyo alfajiri. Alizikwa mwaka juzi, lakini mdomo wa Akidor ulikuwa bado haujafunzwa kunyamaza, naye hakuwa na haraka ya kuufunza.

Alikinga mitungi yake, akaifunika, akabandika chai. Kisha akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula, maana saa hizo mtandao huwa mwepesi, mji ukiwa bado umejifunika shuka. Kompyuta ilikuwa ya Joy, binti yake aliyeolewa Nakuru. Herufi nyingine zilikuwa zimefutika kwenye vitufe, lakini vidole vya Akidor vilizijua kama vinavyojua mahali chumvi inapokaa.

Tovuti yake iliitwa Zizi la Kaskazini. Ilikuwa na kurasa za wanyama wa kufugwa ambao mbegu yao inakwisha: punda wadogo wa Waturkana wanaovumilia kiu, kondoo wa mikia minene, ngamia wa rangi zisizoonekana tena visimani, na ng'ombe wa Borana wa zamani, ambao damu yao haijachanganywa na fahali wa ranchi. Waliianzisha wakiwa kundi, wakati Akidor alipokuwa karani katika soko la mifugo. Jumamosi sebule hii ilijaa watu wakibishana juu ya pembe na nundu. Hakuna aliyelipwa. Lokuruka aliwapikia chai huku akinung'unika kwamba mbuzi hajui kusoma, sasa anaandikiwa ya nini, lakini vikombe havikukauka.

Kisha serikali ya kaunti ikaja na kazi zake, mashirika yakaja na magari yake, na mmoja mmoja wakaondoka. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Waliondoka kama watu wanavyotoka arusini, kila mmoja akisema anarudi sasa hivi. Akabaki Akidor, na kibanda chake cha fotokopi karibu na stendi, na hili zizi lisilo na kwato.

Kundi lilikuwa na sheria moja ambayo hawakuivunja hata siku moja: hakuna mnyama anayepandishwa mtandaoni kabla ukurasa wake haujasomwa na mtu wa kwao. Ngamia walisomwa na Msomali, punda walisomwa na Akidor mwenyewe, ng'ombe walisomwa na Jattani, kijana wa Kiborana mwenye mdomo mwepesi na macho makali. Lakini Jattani sasa alikuwa Garissa na shirika lake. Akidor alikuwa amemtumia ukurasa wa ng'ombe wa kijivu wa Kinna, akasubiri, akamkumbusha, akasubiri tena. Mwishowe, asubuhi moja kama hii, bomba likikohoa, aliupandisha peke yake.

Ng'ombe huyo aliitwa Dalecha, kwa sababu ya rangi yake ya majivu. Akidor alimkuta kwa bibi mmoja mjane, Abiba Gollo, aliyempokea kwa maziwa na kahawa ya buna kana kwamba walikuwa wamengojeana tangu utotoni. Alimpiga Dalecha picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Abiba alikuwa amesimama kando, akishika kamba, na Akidor aliikata picha ili nundu ionekane vizuri. Akaandika urefu wa pembe, ngozi inavyoning'inia shingoni, ndama aliowazaa. Chini yake akaandika: Mwenyewe, Abiba Gollo, Kinna.

Alfajiri hiyo kulikuwa na ujumbe mmoja mpya. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kuandika. Akidor hakuufungua upesi. Alimimina chai kwanza, akaweka sukari, akavuta kiti, kama mtu anayemwandalia mgeni. Kisha akasoma.

"Habari mama. Mimi ni Khadra, mke wa Mzee Dabaso wa Bula Pesa. Ile ng'ombe ya kijivu si ya Abiba, ni ya mzee wangu. Watu wamemwonyesha kwa simu, wakamcheka sokoni. Wiki iliyopita ameenda Kinna akaileta pamoja na ndama. Nakuambia mimi, kwa sababu yule mama hatakuambia."

Chai ilipoa ikiwa imejaa.

*

"Mama Joy!" Jattani alipokea simu kwa furaha, nyuma yake kuna sauti za watu wengi. "Umepotea!"

"Mimi niko palepale uliponiacha. Jattani, ile ng'ombe ya Kinna. Ulisoma?"

"Ng'ombe gani? Aki nilikuwa field, Mama Joy, nilisema nitaangalia wikendi..."

Akamsomea ujumbe wa Khadra. Jattani alipozungumza tena alikuwa ametoka nje, sauti za watu zimebaki ndani.

"Hiyo ni dabare," alisema. "Mwenye ng'ombe mingi anampatia mtu wa ukoo wake ambaye hana maziwa. Unakunywa maziwa, unaitunza kama yako. Lakini ng'ombe na ndama ni ya mwenyewe aliyetoa. Na mtu hatangazi. Aliyetoa akitangaza, amemwaibisha aliyepokea. Majirani wote wanajua, na wote wanajifanya hawajui. Ndiyo heshima yake."

"Sasa mimi nimeandika ni ya Abiba."

"Umeandikia dunia nzima. Dabaso akinyamaza, ni kama ameiachilia. Akisema ni yangu, anaonekana anamvua mjane nguo. Umemweka pabaya, Mama Joy. Hukuuliza hiyo ng'ombe ilifikaje pale?"

Akidor alikuwa ameuliza kuhusu meno, kuhusu kwato, kuhusu kiu na kupe. Hakuuliza hilo. Hata kwao Turkana mnyama anaweza kulala katika boma ambalo si la mwenyewe, na mtoto mdogo anajua kuuliza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; hawakujua itafika siku kidole ndicho kitakachosema.

"Ningekuwa nimesoma," Jattani alisema polepole, "ningeona mara moja."

"Najua. Nilikusubiri."

"Niko kwa mkutano, Mama Joy. Nitakupigia jioni."

Hakupiga jioni hiyo, wala Akidor hakutazama simu. Alimjua: angepiga siku nyingine, akiwa na aibu, na wangezungumza mambo mengine.

*

Mzee Dabaso alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Akidor alimkuta kwenye kibanda cha chai pembeni mwa soko, ameketi na wenzake kwenye mabenchi, bakora imelala mapajani. Hakumkaribisha kuketi. Hilo peke yake lilitosha kumweleza Akidor jambo lilivyo, maana alikuwa amefanya kazi katika soko hili kwa miaka, na hakuna mzee wa hapa ambaye hajawahi kumsogezea kiti.

"Habari zenu, wazee."

"Nzuri. Huyu si mama ya intaneti?" alisema mwanamume mmoja mnene, Ibrae, dalali wa mbuzi. "Mama, niandikie na mimi! Andika ngamia ya huyu mzee ni ya Ibrae, kesho niende kuichukua!"

Benchi zima likacheka. Mwingine akaongeza, "Kwanza andika mke wa jirani yangu." Wakacheka zaidi. Dabaso peke yake hakucheka. Alikuwa amekitazama kikombe chake kama mtu aliyeona nzi.

"Mzee Dabaso," Akidor alisema, "kosa ni langu. Mama Abiba hakuniambia ng'ombe ni yake. Sikumuuliza hata. Niliandika kwa kichwa changu. Nimekuja kuomba msamaha, na kama unataka nibadilishe jina niandike lako..."

"Uandike langu!" Dabaso aliinua macho. "Ndiyo watu waseme Dabaso amemnyang'anya mjane ng'ombe, na ushahidi uko kwa simu? Wewe mama ulikuwa karani hapa. Ulikuwa na akili."

"Basi niambie niandike nini."

"Usiandike. Futa."

Akidor akatoa simu. Ukurasa wa Dalecha ndio uliokuwa ukitembelewa kuliko zote. Mtu mmoja asiyemjua, kutoka nchi asiyoijua, aliwahi kuandika chini yake kwamba nundu kama hiyo aliiona mara ya mwisho kwa babu yake. Katika tovuti nzima hilo ndilo neno pekee lililomfanya Akidor aamini kwamba kuna mtu upande wa pili. Alibonyeza. Mtandao wa mchana ulikuwa mzito. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Wanaume wakamtazama akiwa amesimama juani na simu mkononi.

"Hata kufuta kunataka foleni," alisema Ibrae. Lakini mara hii hakuna aliyecheka sana, na muuza chai, bila kusema neno, akamsogezea Akidor kigoda. Akidor aliketi. Miaka mingi baadaye angemkumbuka yule muuza chai kuliko maneno yote yaliyosemwa siku hiyo.

Ukurasa ukafutika. Akamwonyesha Dabaso pahali palipobaki patupu.

"Sasa utairudisha kwa Abiba?"

Dabaso alizungusha bakora yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechekwa, na hao ni wagumu zaidi.

"Wewe nimekusikia," alisema. "Yeye sijamsikia. Siku nimefungua kamba, amesimama mlangoni kama mti. Hakuniambia karibu, hakuniambia kwa nini. Mume wake alikuwa ndugu yangu wa ukoo, tumechunga pamoja. Kama alijisifu kwa wageni, aseme. Kama hakujisifu, pia aseme. Mimi nafanya nini na mtu ananyamaza?"

*

Pickup ya mboga ilimshusha Kinna kabla ya jua kuwa kali. Abiba alikuwa akifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Alipomwona Akidor aliutupa ufagio, akaja na mikono miwili mbele.

"Salaam aleikum, intala! Umekuja binti yangu! Umekonda. Nani anakupikia?"

"Najipikia, Ayo," Akidor alisema, akimwita mama kama Waborana wanavyoita.

"Ndiyo maana umekonda. Chakula ya mtu mmoja haina nguvu."

Akamtandikia ngozi kivulini, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa kikombe cha chai. Akidor aliona zizi dogo la miiba, mlango wake umeachwa wazi. Aliona gorfa, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimetundikwa kwenye mti wa nyumba kifudifudi. Mara ile ya kwanza chombo hicho kilinuka moshi na maziwa mabichi. Sasa kilikuwa kikavu, na buibui alikuwa ameanza kupima mdomo wake.

Abiba alitoka na chai. Ilikuwa turungi isiyo na maziwa, nyeusi tii.

"Daktari amenikataza maziwa," alisema haraka. "Anasema mifupa. Sijui. Madaktari wa siku hizi."

Akidor alishika kikombe. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, na lawama ingekuwa na mahali pa kushika. Huu wema haukuwa na mpini.

"Ayo, ni mimi. Niliandika kwa mtandao kwamba Dalecha ni yako. Mzee Dabaso akaona. Nimefuta, nimemwomba msamaha. Anasema anataka kukusikia wewe."

Abiba aliketi polepole. Alipanga sketi yake, akaipanga tena.

"Kwa hivyo ni hiyo," alisema. "Nilikuwa nafikiria nimemkosea nini. Nilifikiria labda ndama hawakunona. Nilifikiria labda ameshikwa na shida. Mwenye ng'ombe akija kuchukua ng'ombe yake unasema nini? Unafungua mlango. Nilifungua."

"Angalau ungemuuliza."

"Kumuuliza ni kudai. Mimi nilikunywa maziwa ya mtu bila kuombwa kitu, siku zote hizi, halafu nimuulize?" Akatikisa kichwa. "Sasa atafikiri nilijisifu kwako. Mimi, Abiba, nimejisifu kwa ng'ombe ya Dabaso!" Akacheka kidogo, lakini mkono wake ulikuwa umekwenda kifuani.

"Tumwite basi. Nitakuwepo, niseme mbele yako."

"Mzee wa ukoo haitwi kama mtoto, 'njoo tuseme'. Anaitwa kwa buna." Akidor aliijua buna: kahawa isiyokobolewa, inayokaangwa kwa siagi mpaka ipasuke, watu wakaomba dua juu yake na kuitafuna, na maneno magumu yakasemwa midomo ikiwa laini. "Buna ninayo ndani. Siagi sina."

"Nikuletee ya duka?"

Abiba alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ya duka ni ya mkate, binti yangu. Buna inakaangwa na siagi ya ng'ombe unayemjua. Jirani wangenipa, lakini niseme nataka ya nini? Nikisema, nimemtangaza Dabaso. Yeye hakunitangaza."

Upepo ulisukuma mlango wa zizi, ukafunguka na kufungwa wenyewe. Abiba aligeuza kichwa kila mara, kisha akakumbuka, kisha akajifanya alikuwa anatazama njia. Akidor aliyaona hayo akayajua. Yeye mwenyewe alikuwa na bomba.

Alinywa turungi yote, mpaka majani. Wakati wa kuondoka Abiba alimpa mapapai mawili ya bustani ya jirani, ameyafunga kwenye leso, akamwambia asimrudishie leso, akae nayo.

*

Nyumba ya Dabaso kule Bula Pesa ilikuwa na ua wa mabati. Dalecha alikuwa amefungwa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akielekea upande wa Kinna, na ndama wake akisukuma kiwele bila kupata mengi. Khadra, mke wa Dabaso, alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache. Alimfungulia Akidor lango mwenyewe, mzee akiwa sokoni.

"Angalia," alisema. "Tangu ifike inasimama hivyo. Nyasi inanunuliwa, inanusa, inaacha. Nikikamua inanipa kidogo kwa huruma, halafu inakaza. Inakauka hii."

"Inalia?"

"Alfajiri. Mzee anaenda kuswali mapema siku hizi, ili asisikie."

Akidor akamweleza habari za Kinna: turungi, buna iliyopo, siagi isiyokuwepo. Hakuomba kitu. Alisema tu, kama mtu anayetua mzigo barabarani ili apumue. Khadra alisikiliza akimkuna ng'ombe nyuma ya sikio. Kisha akaingia ndani, akarudi na mkebe mdogo wa majani ya chai, akaufungua kifuniko. Ndani kulikuwa na siagi, ya manjano iliyokolea, inanuka moshi.

"Nimekuwa nikiweka kidogo kidogo," alisema. "Ya kwanza niliyotengeneza, wiki ile imefika. Maziwa yale yalikuwa bado ni ya majani ya Kinna. Nilishindwa kuipika hapa. Ningempikia nani? Mzee angejua kwa harufu."

"Mama Khadra, mzee akiuliza?"

"Hataulizia siagi. Wanaume wanauliza ng'ombe." Akafunga mkebe kwa kitambaa, akakaza fundo. "Mpelekee. Asiniambie asante, asitume mtu. Amwite mzee tu. Akiitwa kwa buna hawezi kukataa, hata kama ameapa."

*

Akidor aliufikisha mkebe kwa Abiba, neno la kumwita mzee likapelekwa na dereva wa pickup, na Dabaso akaja Kinna siku ya pili baada ya swala ya adhuhuri, katika koti lake zuri. Akidor alikuwa amefunga kibanda chake ili awepo. Wateja wangepata fotokopi kwingine; hapa hapakuwa na kwingine.

Walisalimiana mlangoni, Dabaso na Abiba, salamu ndefu za watu wao, afya na mvua na watoto na malisho, kila swali likijibiwa kwa amani, ng'ombe akirukwa kama shimo linalojulikana. Dabaso aliketi. Alimtazama Akidor mara moja akamwinamishia kichwa, si zaidi.

Abiba alibandika chungu. Alipofungua mkebe na siagi ikaanza kuyeyuka, harufu ikajaa nyumba. Dabaso aliacha kuongea katikati ya sentensi. Pua yake ikapanuka. Akatazama chungu, akatazama mkebe wa majani ya chai, wa aina ileile inayonunuliwa nyumbani kwake, halafu akatazama chini, kwenye viatu vyake. Buna ikapasuka kwenye mafuta, pa, pa, kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Dabaso akaomba dua. Aliombea nyumba hiyo, akaombea marehemu mume wa Abiba kwa jina, akaombea mvua. Wakaitikia. Abiba akampa bakuli kwanza yeye. Alitafuna taratibu, midomo inang'aa mafuta.

"Dabaso," Abiba alisema. "Mimi sikusema ni yangu."

"Najua."

"Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na aibu."

"Na mimi nilichukua kwa sababu nilikuwa na aibu." Akajipaka mafuta yaliyobaki mkononi kwenye paji la uso, kama wazee wanavyofanya. "Walinicheka, Abiba. Mtu mzima, mvi zote hizi, nimechekwa na Ibrae!"

"Ibrae!" Abiba akashtuka kweli. "Yule aliyeuza mbuzi kipofu kwa padri?"

"Huyohuyo."

Abiba alicheka mpaka akafunika mdomo kwa mtandio, na Dabaso, akijizuia, akashindwa. Akidor naye akacheka, kisha akaona kwamba macho yake yamelowa, akasingizia moshi.

Walipotulia, Dabaso alisema, "Alhamisi kuna lori inakuja kuchukua mbuzi huku. Nitaipakia, na ndama. Irudi mahali pake. Lakini nikuambie ukweli: imekauka. Mji umeikausha. Hutapata maziwa mpaka izae tena, na kuzaa ni majaliwa."

Abiba alitazama gorfa yake iliyotundikwa.

"Ije tu," alisema. "Nitaikalisha na mimi. Tutakunywa turungi."

*

Dabaso alitangulia kuondoka. Pickup ya Akidor ilikuwa inapakia nyanya barabarani, dereva akipiga honi za kumwambia asichelewe. Abiba alimsindikiza mpaka nje ya ua, akitembea polepole kwa makusudi, kama mtu anayejaribu kurefusha njia fupi.

"Ile kitu uliandika," alisema. "Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, Ayo. Nimeifuta."

"Dunia yote iliona, mimi pekee sikuona." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema mtu aliyelala harusi ikapita. "Picha pia umefuta?"

Picha ilikuwa bado ndani ya simu. Akidor alisimama, akaitafuta, akampa. Abiba akaishika mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. Akatabasamu kwa nundu. Akatabasamu kwa zile pembe. Akapitisha kidole juu ya ule mgongo wa majivu kana kwamba angeweza kuutoa kupe. Halafu kidole kikafika pembeni, mahali ambapo kamba ilikuwa imeshikwa na mkono, na baada ya mkono hapakuwa na kitu.

"Huu ni mkono wangu," alisema.

"Ni wako."

"Na mimi niko wapi?"

"Nilikukata, Ayo. Ili ng'ombe aonekane."

Honi ikalia tena. Abiba aliendelea kuutazama ule mkono wake, uliobaki peke yake kwenye kamba, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza mlango ukifunguka na kufungwa wenyewe. Kisha akairudisha simu, akavifunga vidole vya Akidor juu yake kwa mikono yake miwili, ambayo bado ilikuwa na mafuta na harufu ya moshi.

"Utakuja tena lini?" aliuliza. "Njoo tena, binti yangu. Lakini siku hiyo usije kwa ng'ombe. Njoo kwangu."